Mibuni ya Wazee na Makali ya Msumeno

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari ya kazi ambayo wengi huiogopa, nayo ni kupogoa mibuni iliyokwisha kukomaa. Mtu asimamaye katika shamba la baba yake, juu ya vilima vya Tarime, huyatazama matawi mengi akasema moyoni, "Nikiyakata, nitakula nini?" Swali hili si la upuuzi. Tusikilize historia.

Mwaka 1898 wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Kilema, katika mlima wa Kilimanjaro. Mwaka 1934 kituo cha kuchunguza zao hilo kilifunguliwa Lyamungu, karibu na Moshi. Kahawa ya namna ile, yaani arabika, ndiyo ilimwayo pia Tarime, nayo ina tabia moja: pingili ya tawi ikiisha kuzaa, haizai tena. Mazao ya mwaka ujao hutoka katika sehemu iliyoota mwaka huu. Basi mti usiopogolewa hurefuka, matunda yakakimbilia nchani, na huku chini hubaki fimbo tupu.

Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka duniani kote. Mkulima asiyepata faida haoni sababu ya kunoa mkasi. Nao mbuni ulioachwa huwa kichaka, makao ya wadudu na maradhi. Mwaka 2001 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilianza kazi, makao yake yakiwa Lyamungu. Nayo ina kituo Sirari, wilayani Tarime.

Je, mti uliochakaa ung'olewe? La, mizizi yake ingali hai. Mavuno yakiisha, kata shina kwa msumeno, kiasi cha futi moja kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame. Machipukizi yakitokea, chagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine uyaondoe. Utangoja kama miaka miwili kabla ya kuchuma. Kwa hiyo usikate shamba zima siku moja, bali safu kwa safu.

Basi yule aulizaye atakula nini, jawabu lake ni hili: atakula safu alizoziacha, na watoto wake watakula zile alizozikata.