Great Zimbabwe: wasafiri wa karne ya 19 waliona nini mu kuta zake?

Great Zimbabwe ni muji wa zamani wa mawe karibu na Masvingo, mu inchi ya Zimbabwe. Ukuta wake mukubwa unafikia metre 11 kwenda juu, na mawe yamepangwa bila simenti.

Mwaka wa 1871, Mujerumani Karl Mauch alifika pale. Alikata kipande cha muti wa mulango, akakilinganisha na kalamu yake, akasema ni mwerezi wa Lebanon. Basi jumba ni la Malkia wa Sheba. Mwaka wa 1891 Mwingereza Theodore Bent, aliyesaidiwa na kampuni ya Cecil Rhodes, aliita sehemu ya mulimani ngome, akasema wajenzi walitoka Arabuni.

Maneno hayo yaliwafaa wale waliotaka udongo: kama wenyeji hawakujenga, si wenye inchi. Lakini uchimbaji wa David Randall-MacIver (1905) na Gertrude Caton-Thompson (1929) ulionyesha kazi ya Waafrika. Wajenzi ni mababu wa Washona, kati ya karne ya 11 na ya 15. Wataalamu wengi wanaona kuta zilionyesha heshima ya mufalme kuliko kuzuia vita.

Hata jina linasema: kwa Kishona, dzimba dza mabwe, ni kusema nyumba za mawe.