Misuli iliyolala ndani ya uzi wa sangara

Leo tuongee uzi. Naam, uzi wa nailoni, ule ule unaoshika ndoano za sangara upande wa Kigongo, Misungwi, jirani na daraja la JPM lililofunguliwa Juni 2025.

Uzi huu ni mgeni ziwani. Nyavu za kizungu zilizoingia Ziwa Victoria mwaka 1905 zilikuwa za kitani, na kitani huoza. Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya Wallace Carothers, kampuni ya DuPont, Marekani, na huku kwetu ikafika miaka ya 1950. Mvuvi akaachana na kitani, hadithi ikaishia hapo... au tulidhani hivyo.

Februari 2014, Carter Haines, Ray Baughman na wenzao wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, wakaandika kwenye jarida la Science kwamba wametengeneza misuli ya bandia. Kwa kutumia nini? Uzi wa kuvulia samaki na uzi wa kushonea! Unaning'iniza kizito, unakizuia kisizunguke, unausokota uzi mpaka ujiviringe kama springi. Ukipata joto unafupika na kunyanyua mzigo. Ukipoa unarefuka. Walidai kwamba kwa urefu na uzito ule ule, uzi hunyanyua mara 100 ya msuli wa binadamu.

Siri ni hii: molekuli za nailoni zimevutwa zikalala kufuata urefu wa uzi. Joto huufanya ufupike kidogo na kunenepa, na kwa kuwa umesokotwa, hutaka kujisokotoa. Nguvu hiyo ndiyo inayobana miviringo.

Plastiki nyingi zinazokumbuka umbo hukumbuka mara moja tu, kisha lazima uzikunje upya. Mwaka 2013 Andreas Lendlein na wenzake kule Ujerumani walionyesha zinazokwenda na kurudi zenyewe, ila kwa kemia maalumu. Uzi wa Dallas uligharimu kama dola 5 kwa kilo. Tatizo lake ni ulaji: karibu asilimia 99 ya joto hupotea bure.

Kinachoniuma ni hiki. Nailoni ilikuwa mikononi mwetu miaka 60 hivi kabla ya Dallas. Uzi unaojisokota ni kero botini, mvuvi huukata akautupa. Wenzetu walilipwa mshahara kuikodolea macho kero hiyo hiyo.

Mwalimu wa fizikia wa Misungwi akitaka kujaribu, uzi upo na jiwe lipo. Atumie maji ya moto. Mkaa utauyeyusha.