Mito ya Chaki ya Uingereza: Ulinzi Uanzie Chini ya Ardhi

Mito inayolishwa na miamba ya chaki ni adimu duniani, na sehemu kubwa yake imo kusini na mashariki mwa Uingereza: Test na Itchen huko Hampshire, Kennet, Lambourn, Chess, Ver na mingineyo. Juhudi nyingi za kuihifadhi huelekezwa kingoni, kwenye kupanda miti na kurudisha changarawe. Kazi hiyo ni njema, lakini uhai wa mito hii umo mwambani, na huko ndiko sheria inakopaswa kuanzia.

Mvua ya majira ya baridi hupenya kwenye chaki, huchujwa polepole, kisha hububujika kwenye chemchemi ikiwa na jotoridi la takriban nyuzi 10 au 11 mwaka mzima. Ukisimama kando ya Itchen mwezi Juni, utaziona kokoto za chini wazi kabisa, na mmea wa ranunkulasi umetandaza maua meupe juu ya maji. Majani yake marefu huinua kina cha mto na kuwahifadhi wadudu wanaoliwa na trauti. Samoni hutaga humo changaraweni, na vinasaba vyao vinatofautiana na vya samoni wengine wa Atlantiki. Mkondo ukidhoofika, tope huziba nafasi kati ya kokoto, na mayai hukosa hewa. Hata uchafu wa majitaka huwa na makali zaidi, kwa kuwa maji ya kuuzimua yamepungua.

Mkondo hudhoofishwa na pampu zinazochota maji mwambani kwa ajili ya miji. Watetezi wa pampu hizo husema vijito vya juu hukauka kiangazi kwa kawaida. Ni kweli kwa baadhi yake. Lakini mto Ver unawajibu: uchotaji katika kituo cha Friars Wash ulipositishwa mwaka 1993, maji yalirudi katika sehemu ya juu iliyokuwa imekauka. Basi ukavu ule haukuwa wa majira peke yake.

Watu nao lazima wanywe. Pendekezo ninaloliona la busara kuliko yote kwa mito ya vilima vya Chiltern ni kuyaacha maji yapite mtoni kwanza, yachotwe chini zaidi katika bonde la Thames, kisha yarudishwe mijini kwa mabomba. Gharama ni kubwa, ila mto hubaki na maji yake.

Kikwazo ni leseni. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 1963 iliwapa haki waliokuwa tayari wakichota, na leseni nyingi hazikuwekewa ukomo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021 inaruhusu leseni za kudumu zinazoharibu mazingira zibadilishwe au zifutwe bila fidia, kuanzia Januari 2028. Serikali ya Uingereza iitumie ruhusa hiyo mara tu itakapoanza, na ianzie kwenye visima vilivyo karibu na chemchemi.