Nani Kaiamsha?

Malakia, mtaa mkongwe wa Juba ulio jirani na soko la Konyo Konyo, umeishi miaka mingi kwa jenereta. Ni mwishoni mwa 2019 tu ndipo mtambo wa umeme wa megawati 33 ulipowashwa mjini. Mahali ambapo umeme hununuliwa kwa lita za mafuta, kompyuta mpakato ikiamka mkobani usiku na kumaliza betri ni hasara ya fedha. Swali la nani kaiamsha si la mafundi peke yao, na kwa maoni yangu kerneli, kiini cha mfumo endeshi, bado hailijibu inavyopaswa. Chini ya APM, utaratibu wa Intel na Microsoft wa 1992, usingizi wa kompyuta ulikuwa mikononi mwa bayosi, programu iliyomo kwenye ubao wa mashine. ACPI, utaratibu uliofuata wa Desemba 1996, iliukabidhi mfumo endeshi madaraka na ushahidi: rejista zenye biti ya kitufe cha kuwashia, ya saa ya ndani, na nyingine za vifaa kama mfuniko. Biti hizo hufutwa ili tukio lijalo lionekane, hivyo kerneli isiyozisoma kwanza hujipotezea ushahidi.

Mwaka 2015 Linux ilianza kuandika katika faili la pm_wakeup_irq namba ya ukatizaji (ishara ya kifaa kwa kichakataji) ulioiamsha mashine. Ni hatua, ila namba si sababu. Kwenye kompyuta nyingi jibu huwa 9, na 9 ni mlango wa ACPI unaopitiwa na mfuniko, kitufe, hata chaja. Katika usingizi mwepesi ulioingia Linux mwaka 2013, umeme ukikatika na kurudi, chaja iliyochomekwa inaweza kuizindua kerneli, ikakagua, ikarudi kulala. Mwenye mashine haoni kitu, betri ndiyo inayolipa.

Wapo watakaosema: zima viamshi vyote, yaishe. Lakini mfuniko nao hautaiamsha mashine tena, na mashine zinazoamka betri ikikaribia kwisha ili kuhamishia kazi kwenye diski zitapoteza kazi hiyo. Wengine watailaumu bayosi, na mara nyingi wana haki. Hata hivyo mtumiaji hazungumzi na bayosi. Huzungumza na mfumo endeshi, na huo ndio wenye wajibu wa kutaja kifaa kwa jina lake. Windows imejaribu tangu Vista kwa amri ya powercfg /lastwake, ambayo mara kwa mara hujibu kwamba idadi ya sababu ni 0.