Wimbo Hausikilizwi na Mmoja

Jina la Kakontwe lajulikana sana na wataalamu wa mawe. Mawe ya chokaa yaliyo huku kwetu Likasi yamepewa jina la mahali petu. Na hata ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, wenye elimu ya mawe wakikuta mawe ya namna hiyo huyaita vivyo hivyo, mawe ya Kakontwe. Basi ikiwa jiwe lisilo na miguu limeweza kupeleka jina letu mbali namna hiyo, je, wimbo?

Twaandika haya kwa sababu ya swali moja. Jumapili moja, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana walikaa chini ya ukuta wakionyeshana simu zao. Huyu asema, "Mimi wiki hii nasikiliza huu," naye mwenzake atia sikioni kidude kimoja cha kusikilizia, atikisa kichwa, kisha atoa wa kwake. Mmoja akatugeukia akauliza: "Na wewe, Baba Katekista, unasikiliza nini siku hizi?" Tukamjibu: "Mwenda Jean Bosco." Wakatazamana. Hapana hata mmoja aliyemjua. Kumbe mtu huyo alipiga gita lake katika njia za mji huu huu! Hatukuwakasirikia. Tulijiuliza tu: nani aliyepaswa kuwaambia, kama si sisi?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ili kuchimba shaba. Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kisha ikaendelea upande wetu. Mji wetu, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville mpaka jina la Likasi liliporudi mwaka 1966, ukajaa watu wa kila kabila: Wasanga wenyeji, Wayeke wa Bunkeya ambao babu zao walitoka Unyamwezi, Waluba, Wabemba, hata watu walioletwa kazini kutoka Rwanda na Burundi. Kila mtu alikuja na wimbo wa kwao. Ngoma ya beni nayo, iliyozaliwa pwani ya Kenya kwa kuigiza bendi za askari, ilisafiri bara mpaka ikafika Katanga. Watu wa lugha nyingi wakapata lugha moja ya kuimbiana, nayo ni Kiswahili.

Ndipo ikaja gramafoni. Vijana wa leo wafahamu kwamba chombo kile hakikutaka umeme. Mtu alizungusha mkono wa chuma ubavuni mpaka springi ikakaza, akaweka sindano, nayo sindano ilikuwa ya kubadilishwa mara kwa mara. Santuri ilizunguka mara 78 katika dakika moja, na kila upande ulichukua kama dakika tatu tu. Tena santuri ilikuwa nzito, na ikianguka ilivunjika kama sahani ya udongo. Lakini jambo kubwa ni hili: gramafoni haikujua siri. Sauti yake ilitoka mlangoni, ikafika uani, ikavuka ua. Aliyenunua santuri mpya alijulikana mtaani kabla ya jua kuchwa. Jirani alikuja na kiti chake, mwingine akaleta santuri yake, nao wakabishana: upi mzuri, nani aliyeimba, maneno yale yana maana gani. Mwenye mashine hakuwa mwenye wimbo. Alikuwa mwenyeji wake tu.

Redio pia ilisikilizwa hivyo. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri, umbo lake kama sufuria, kwa bei ya pauni tano. Kituo cha Lusaka kilisema kwa lugha kadhaa za Waafrika, Kibemba kikiwamo, nacho Kibemba hakikomei mpakani. Palipokuwa na redio moja palikuwa na masikio kumi.

Basi tufike mwaka 1952. Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekaa Afrika ya Kusini, alikuwa akizunguka nchi nyingi na mashine yake ya kunasia sauti, akitafuta nyimbo za watu. Hapa Jadotville alimsikia kijana mwenye gita. Kijana huyo ndiye Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo wa Wayeke wa mtemi Msiri. Alipiga kwa vidole viwili tu: dole gumba likishika sauti za chini, kidole cha shahada zile za juu, nalo gita moja lililia kama mawili yanayozungumza. Tracey akanasa nyimbo zake, na mmojawapo uliitwa "Masanga". Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikazitoa katika santuri.

Angalieni sasa wimbo unavyotembea. Santuri zile zilifika Nairobi na magharibi ya Kenya. Vijana wa huko hawakupata mwalimu. Walimsikiliza Mwenda, wakarudia, wakasikiliza tena, mpaka vidole vikatii. Na kwa kuwa nyimbo zake nyingi ni za Kiswahili, hawakuhitaji mkalimani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe, na ndugu yake Edouard Masengo, walikwenda kukaa na kupiga muziki Nairobi. Miaka ya 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft aliandika kwa noti jinsi Mwenda alivyopiga, ili wasomi wajifunze. Mwaka 1969 Mwenda aliitwa Marekani, katika tamasha kubwa la nyimbo huko Newport. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Hayo yote yalianza kwa nini? Mtu mmoja alipiga, na mtu mwingine alisimama kusikiliza, kisha akasema: wenzangu nao wasikie.

Na sisi watu wa Kanisa, tulisikiliza? Yafaa tuseme kweli. Katika misioni nyingi gita lilihesabiwa kuwa chombo cha kilabu na pombe, na nyimbo za kanisani zilikuwa za Ulaya zilizotiwa maneno yetu. Hatusemi kwamba wakubwa wale hawakuwa na sababu. Ulevi ni ulevi, nao uliumiza nyumba nyingi. Lakini aliyefunga sikio ili asisikie ulevi hakusikia wimbo pia.

Walikuwako waliofungua masikio. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1961, alipita seminarini kama sisi, akawa mwalimu na mtunzi wa muziki huko Elisabethville, akatunga Misa kwa mitindo ya Katanga. Na katika Kamina, mji ulio kwenye reli ile ile ipitayo Likasi, Padre Guido Haazen Mfransisko alikusanya wavulana na walimu wao wakawa kwaya. Yeye hakuja na noti zote mkononi. Walijaribu pamoja, mmoja akileta sauti aliyoijua kwao, wengine wakiipokea, maneno ya Kilatini yakivikwa sauti za Kiluba, pamoja na ngoma. Hivyo ikapatikana "Missa Luba", nayo mwaka 1958 kwaya hiyo ikasafiri kuimba Ulaya. Watu wa nchi za mbali waliisikia Misa hiyo katika santuri, wakashangaa.

Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia. Humo wafundisha kwamba mataifa ya nchi za misioni yana muziki wao wenyewe, nao yapasa upewe heshima na nafasi yake. Mwaka 1988 Roma ikakubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Twaona basi kwamba Kamina haikungoja Mtaguso. Masikio yalitangulia, sheria ikafuata.

Sasa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, maana si kosa la zamani. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alikuja kwenye kwaya na gita la babu yake. Alipiga kwa vidole viwili, kwa namna ile ya wazee. Sisi tulikuwa na haraka, sikukuu ilikuwa karibu, tukamwambia aweke gita nje, kwa kuwa tulikwisha kupata kinanda cha umeme. Hatukumwuliza aliyemfundisha ni nani. Hakurudi. Baadaye tulisikia kwamba babu yake amefariki. Mzee yule alikuwa na nyimbo gani? Hatutajua kamwe. Tulikuwa na hazina mlangoni, tukaiambia ingoje nje.

Nyimbo alizonasa Tracey zimehifadhiwa katika jumba la elimu ya muziki wa Afrika alilolianzisha mwaka 1954, ambalo sasa liko Makhanda, Afrika ya Kusini. Ni vema sana. Lakini si haki mtoto wa Kakontwe kupata habari za mji wake Afrika ya Kusini tu, huku jirani yake mzee amekaa barazani na wimbo kifuani. Simu haina kosa. Yaweza kunasa sauti, kazi ambayo zamani ilitaka gari zima la mashine. Kosa ni kusikiliza kama mtu anayekula gizani peke yake. Tukionyeshana wimbo, tutaje aliyeuimba, mahali alipotoka, na mtu aliyetufundisha. Na swali lile la vijana, "unasikiliza nini?", tuwaulize wazee kwanza, maana wao hawana siku nyingi.

Jumapili iliyofuata tuliiweka simu yetu juu ya benchi, bila vidude vya masikio, tukafungulia "Masanga". Vijana wakanyamaza. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akifagia uwanja, akasimama na ufagio wake. "Huo ulipigwa kwetu nikiwa mtoto," akasema, "lakini mimi najua mwingine." Akaanza kuimba polepole. Kijana mmoja akainua simu yake ili anase sauti. Mwingine akamwuliza: "Mama, nani alikufundisha?"

Naye mama akaweka ufagio chini, akaketi, akaanza kueleza.

Jioni ile ile tulikwenda kumtafuta yule kijana wa gita. Tulimkuta nyumbani, tukamwomba radhi. Tulimwuliza kama gita la babu yake bado lipo. Lipo.