Land Rover ya kwanza ilikuwa jeep

Huku kwetu Kivu, kila gari yenye kupanda mlima tunaiita jeep. Toyota ni jeep, Nissan ni jeep, hata Land Rover ya mapadri ni jeep. Sisi wenye kusoma tunacheka, tunasema watu hawajui majina. Kumbe kwa Land Rover hawajakosea sana.

Nianze na deni langu. Mwaka wa staji yangu ya agronomia, tulikuwa tunapelekwa shambani na gari moja ambayo fundi wa kartie aliitengeneza kwa kuvalisha bodi ya gari moja juu ya shasi ya gari ingine. Milango haikukaa sawa, rangi zilikuwa tatu. Mwenzetu mmoja alisema: “Hii si gari, ni salade.” Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi. Ile salade ilitufikisha kila siku, hata siku za mvua kubwa.

Sasa twende Uingereza. Vita vya pili vya dunia vimeisha 1945. Willys na Ford walikuwa wametengeneza jeep zaidi ya 600,000 kwa ajili ya jeshi, na nyingi zilibaki Ulaya zikauzwa kwa raia. Moja ilifika kwa Maurice Wilks, mkubwa wa wainjenia wa kampuni ya Rover, aliyekuwa na shamba ku kisiwa cha Anglesey, Wales. Aliitumikisha kama punda: kuvuta, kubeba, kupita ku matope na ku mchanga wa bahari. Lakini siku itakufa, atanunua nini? Jeep ingine? Kwa mtu anayelipwa kutengeneza magari, jibu hilo ni haya. Simulizi ya familia yao inasema kwamba 1947 alichora gari mpya ku mchanga wa Red Wharf Bay, mbele ya kaka yake Spencer, aliyekuwa anaongoza Rover.

Hapa njo utamu unaanza. Hawakuanzia ku karatasi nyeupe. Walichukua shasi ya jeep pamoja na resori zake na mihimili ya magurudumu, wakaweka juu yake motere na bwate ya vitesi za gari ya Rover, kisha bodi ya kwao. Usukani waliuweka katikati kama wa trakta, ili gari moja iuzwe ku nchi za kuendesha kushoto na za kuendesha kuume. Gari ya kuuza haikubaki na usukani ule. Lakini urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ulibaki inchi 80, sawasawa na jeep.

Na ile sura ya Land Rover, bapa kama sanduku, yenye watu wanaweka leo ku kalenda? Ilitoka ku ukosefu. Baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kipimo, na serikali ilipendelea kampuni zenye kuuza nje. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, basi bodi ikawa ya alumini, ikikunjwa kwa mistari minyoofu juu hakukuwa na makuta ya kununua mashine kubwa za kukandamiza. Shasi yenyewe ilikuwa vipande vya chuma bapa vilivyochomelewa pembeni mpaka vikawa kama sanduku refu. Gari ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Sisi wa agronomia tutazame hasa kitu kimoja: motere iliweza kutoa nguvu nje ya gari, ikazungusha msumeno, pompi au mashine ya kupura nafaka. Rover walifikiri ni kazi ya miaka miwili mitatu ya kutafuta makuta. Ya mwisho ya ukoo ule ilitoka ku kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016, nyuma ya zingine zaidi ya 2,000,000.

Wabelgiji nao walichanganya. Kuanzia 1952 kampuni Minerva, upande wa Antwerpen, ilipokea shasi na motere kutoka Solihull, ikavalisha bodi ya chuma ya kwake, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Hakuna aliyeita ile salade. Ilikuwa na mkataba, na mihuri.

Halafu kukaja Range Rover ya 1970. Hii ilikuwa na motere V8 ya lita 3.5 na resori za kuzunguka, kama ile ndogo iliyo ndani ya bik ya kubonyeza, wakati Land Rover ya kazi ilikuwa bado na resori za vyuma bapa vinavyorusha muntu mpaka kichwa kinagonga paa. Miaka ilipopita, Range Rover nyingi zilioza bodi kwa kutu, lakini chini zilikuwa bado nzima. Vijana wa Uingereza wakafanya hesabu ya fundi wetu: ondoa bodi iliyooza, valisha juu yake bodi ya Land Rover ya zamani. Shida ni urefu: Range Rover ina inchi 100, bodi fupi inataka 88. Basi wanakata shasi inchi 12, karibu sentimeta 30, wanachomelea tena, wanafupisha na kardani. Ukichomelea vibaya, gari inavunjika mgongo njiani. Hapo si kuchekacheka.

Serikali ya kule iliuliza: hii sasa ni gari gani? Kwa miaka mingi ilijibu kwa pointi. Shasi isiyokatwa ni 5, resori 2, mihimili 2, bwate 2, usukani 2, motere 1. Ukifika 8 kwa vitu vya gari ya asili, unabaki na plaki yake. Ukikata shasi, unapoteza zile 5, gari inapimwa upya na kupewa plaki ya herufi Q, ya gari isiyo na asili.

Mimi nimejaribu hesabu hiyo kwa gari ya Wilks ya 1947, tukikubali kwamba shasi haikukatwa. Shasi ya jeep, 5. Resori za jeep, 2. Mihimili ya jeep, 2. Jumla 9. Ku karatasi, Land Rover ya kwanza ingeandikwa Willys.