Mifumo huria katika biashara: Ya kulipia au ya jamii?

MFANYABIASHARA wa Tseikuru, Kaunti ya Kitui, anayehifadhi hesabu za duka kwenye tarakilishi ana njia mbili iwapo ataamua kutumia mfumo endeshi huria, yaani ule ambao yeyote aweza kuusoma na kuurekebisha.

Ya kwanza ni mfumo wa kampuni, mathalani Red Hat Enterprise Linux. Ada ya kila mwaka hainunui programu yenyewe, bali masasisho yaliyojaribiwa, muda wa matunzo unaojulikana mapema na, kulingana na mkataba, mtaalamu wa kuitwa hitilafu inapotokea.

Ya pili ni mfumo wa jamii, mathalani Debian, unaotengenezwa na watu wa kujitolea tangu 1993. Haulipiwi, msaada hutoka kwa watumiaji wenzake au kwa fundi wa kukodiwa.

Ubuntu, ulioanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, huunganisha njia hizo: hupatikana bure, na atakaye msaada hulipia.

Hata hivyo, cha bure chaweza kukatizwa. CentOS 8 ilitarajiwa kutunzwa hadi 2029, lakini Desemba 2020 ikatangazwa kwamba matunzo yangekoma mwishoni mwa 2021. Walioitegemea walilazimika kuhama.

Kwa hivyo, swali la kwanza si bei, bali ni nani atakayeutengeneza mfumo siku utakapogoma. Mwenye fundi hodari karibu aweza kutegemea mfumo wa jamii. Asiye naye, na ambaye biashara yake haiwezi kusimama hata siku moja, heri alipe.